Sisi Huku Wote Wazima

30 Januari

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya. Sisi huku wote wazima, hatuna neno. Kidoti ameota jino la nne na anasimama kwa kushika ukuta. Akianguka hucheka kwanza, halafu ndio anafikiria kama alie. Msalimie jirani yako mshona viatu wa chini ya ngazi.

Samahani kwa mwandiko, naandika nimempakata mtoto.

Shangazi, lililonifanya nishike kalamu ni kwamba tarehe ishirini na saba lori la saruji liliingia chumbani kwangu. Halikupita mlangoni. Lilikuwa linarudi nyuma kwenda kwenye ile nyumba inayojengwa jirani, na utingo wake, mtu mzima mwenye ndevu, anapiga bodi kwa kiganja, njoo, njoo, njoo, na dereva akaja. Ukuta wa dirishani umelalia cherehani. Ile uliyonipa wewe nilipomaliza kujifunza ufundi. Gurudumu lake limepinda kama sahani ya bati, na sare nane za shule nilizokuwa nimekata ziko chini ya vumbi.

Kidoti alikuwa kitandani, upande wa pili. Hakupata hata mkwaruzo. Aliamka, akaliangalia lile tundu, akampungia dereva mkono. Mimi nami sijambo, mkono uliguswa kidogo na tofali.

Polisi nilikwenda kesho yake. Afande wa kaunta alikuwa mtu wa watu, aliniuliza habari nikamjibu nzuri, akaandika kwenye kitabu chao cha matukio na kunipa namba kwenye kipande cha karatasi. Sasa ndio sijui niende wapi. Mwenye lori anasema ana bima, niwafuate bima. Wewe uliyekaa kwenye ofisi ya bima miaka ishirini na miwili, mpaka ukoo mzima tunakuita Mama Bima, naomba unishike mkono. Simu yako kila nikipiga haipatikani.

Ni mimi mwanao,
Mama Kidoti


14 Februari

Mwanangu Mama Kidoti,

Marahaba. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Juzi nilipitiwa na ngazi moja nikakaa chini bila kupenda, lakini ni mambo ya ngazi za nyumba hii, usijali. Mbusu Kidoti kila upande wa uso.

Nimesikitika kwa cherehani. Mengine yatapita, maadam mko salama.

Simu nimeiweka kabatini, inanichosha. Tena mimi nimeishi na watu wa bima: neno la simuni halina mhuri. Barua ina tarehe, ina bahasha, na bahasha ina mhuri wa posta. Barua zako zote, tangu ulipokuwa darasa la tano ukiniomba rula, ninazo kwenye kopo la biskuti pamoja na bahasha zake.

Sasa sikiliza. Kwenye kioo cha lori kuna stika ya bima. Nenda ukanakili kila kitu kilichoko pale, jina la kampuni, namba, tarehe. Ukimaliza, waandikie. Usiende kulia dirishani, huko watakuzungusha kama pia mpaka uchoke. Andika. Weka ile namba ya polisi, eleza ulichopoteza, bakia na nakala.

Na uandike kwa adabu. Barua isiyo na salamu ni kama mtu anayeingia kwa watu bila hodi. Meneja wetu, nimemwona kwa macho yangu, barua kavu kavu alikuwa anaisukuma pembeni kwa kalamu kama anayesukuma mende, anavuta nyingine. Msalimie kwanza, muulize hali, mwambie nanyi mko salama. Baada ya hapo ndio useme shida yako. Utaona.

Shangazi yako


3 Machi

Kwako Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Natumaini hujambo na umepumzika na hizo ngazi. Sisi huku wote wazima. Kidoti amejifunza kusema "toka", anawaambia kuku.

Barua yako imefika ila nimeisoma kwa kazi. Mstari wa tatu umepanda juu ya wa pili, na mwisho wa karatasi maneno yameshuka ukingoni kama yanataka kuruka. Ulikuwa unaandika gizani?

Nimefanya ulivyosema. Kuinakili ile stika peke yake kumenichukua siku nne, maana lori halikai. Nikifika asubuhi limetoka, nikifika jioni linaoshwa, fundi ananiambia mama subiri kioo kikauke. Kampuni yenyewe iko mjini, ghorofa ya tatu, madirisha matano, na moja tu lina mtu. Nilisimama tangu saa mbili asubuhi. Ilipofika zamu yangu binti wa dirisha namba tatu akaniambia barua zinapokelewa Jumanne na Alhamisi. Ilikuwa Jumatano. Kesho yake nikarudi, mtoto mgongoni, akaigonga muhuri bila kuninyanyulia uso.

Nimeianza kwa adabu kama ulivyonifundisha. "Kwa Meneja. Natumaini wewe na wafanyakazi wako wote hamjambo. Sisi huku wote wazima wa afya, tunamshukuru Mungu. Baada ya salamu, napenda kukuarifu." Halafu nikaweka cherehani, ukuta, sare nane, na matibabu ya mkono.

Wiki iliyofuata wakatuma mkaguzi. Alifika na viatu vinavyong'aa, akasimama katikati ya chumba akauliza uharibifu uko wapi. Shangazi, nilikuwa nimesikia mgeni anakuja. Nimefagia, nimepiga deki, nimepanga matofali nje, na mwenye nyumba ameshaziba ukuta. Nikamwonyesha cherehani niliyoifunika shuka. Akainua pembe ya shuka kama anayetambua maiti, akaandika mistari miwili, akaenda zake. Sikujua kama uchafu nao ni ushahidi.

Lakini nina matumaini. Alinisalimia vizuri.

Mama Kidoti


20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Huku mimi mzima kabisa. Mvua zimeanza, mshona viatu amehamia ndani ya ngazi na kelele zake za nyundo.

Umefanya vizuri yote isipokuwa kufagia. Hilo ningekuambia, sikulifikiria.

Sasa na mimi nina swali. Umeandika matibabu ya mkono. Mkono gani unaotibiwa mpaka mwezi wa tatu kwa kuguswa na tofali? Na mshona viatu anasema mwandiko wako siku hizi umelala upande mmoja kama majani yaliyopigwa na upepo, anasema hata mtoto wa darasa la kwanza angeona haya. Ulisema umempakata mtoto. Mtoto gani huyo anapakatwa miezi miwili bila kushushwa?

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Niambie ukweli, mimi ni dada wa baba yako, si jirani.

Shangazi yako


2 Mei

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Sisi huku wote wazima.

Nimeandika hivyo, halafu nimeweka kalamu chini nikacheka peke yangu mpaka Kidoti akaja kunitazama. Ngoja nikueleze kwa nini. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilikuwa na hasira, na sikutaka zikufikie zikiwa bado za moto. Zimepoa kidogo tu.

Bima wamejibu. Nimesubiri wiki nane. Mara faili liko kwa mkubwa, mara mkubwa yuko semina, mara faili limerudi ila ukurasa wa pili haupo, nilete nakala nyingine. Hatimaye binti wa dirisha namba tatu akanisukumia bahasha. Nakunakilia kama ilivyo:

"Rejea barua yako. Katika aya ya kwanza umethibitisha mwenyewe kuwa wewe na jamaa zako wote mu wazima wa afya. Maelezo hayo yanalingana na taarifa ya polisi isemayo hakuna aliyejeruhiwa. Kwa hiyo dai la matibabu halitashughulikiwa. Dai la cherehani linaendelea kufanyiwa kazi."

Umeona? Salamu zangu, Shangazi. Wamezichukua salamu zangu wakazipiga muhuri.

Nikaenda polisi kuuliza nani alisema hakuna aliyejeruhiwa. Wakafungua kitabu. Ni mimi. Siku ile nilisimama kaunta, mkono nimeuficha ndani ya mtandio kwa sababu ulikuwa unatoa damu na sikutaka kuchafua meza yao. Afande akasema, "Habari za kwako, mama? Mzima?" Nikasema, "Mzima, afande, sijui wewe." Ningejibu nini? Mtu akikuuliza hali hata kama nyumba inaungua unasema nzuri kwanza, moto unakuja baadaye. Yeye alishafunga kitabu kabla moto haujaja. Na sasa amehamishwa kituo. Aliyepo anasema kitabu hakifutwi.

Haya, ukweli huu hapa. Ni mkono wa kulia. Kidole gumba na viwili vinavyofuata havikunji. Zahanati walifunga kitambaa wakasema ni uvimbe, utashuka. Ulishuka, vidole vikabaki vimenyooka kama vya sanamu. Mwezi wa tatu nikafika hospitali kubwa. Daktari anasema kano zimekatika, ziungwe kabla ya miezi sita tangu siku ya ajali. Ikipita hapo zitakuwa zimejikunyata na hata kisu hakitazifaa. Miezi sita inaisha tarehe ishirini na saba Julai. Upasuaji wenyewe siuwezi, hata nikiuza na shuka iliyofunika cherehani.

Barua zote hizi naziandika kwa mkono wa kushoto. Vifungo vya Kidoti navifunga kwa meno. Anadhani ni mchezo, ananiletea tumbo mwenyewe, anasema "mama uma". Mkasi sishiki. Wateja wangu wameniomba vitambaa vyao wakavipeleka kwa mwingine, kwa upole, na huo upole ndio umeniuma zaidi. Hata nikiletewa cherehani mpya kesho, nitaifanya nini, niipanguse vumbi?

Sikukuambia mapema kwa sababu ungepanda gari uje, na kwa umri wako. Lakini ni wewe, Shangazi, uliyeniambia niwaambie tuko salama. Nimelisema, sasa halipo tena moyoni.

Na kwa nini mshona viatu anasoma barua zangu?

Mama Kidoti


6 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo.

Barua hii anaandika mshona viatu, mimi nasema. Mkono wangu umechoka tu, na hilo la nani anasoma nini liache, tuna kazi.

Barua yako nimekaa nayo mwezi mzima kwa sababu ya aibu. Mwanangu, mimi sikuwa karani wa bima. Nilikuwa napika chai. Miaka ishirini na miwili nilipanda na birika ghorofa ya kwanza mpaka ya nne, saa nne na saa kumi. Nikirudi nyumbani nimevaa sketi ya ofisi, baba yako akaanza kuniita Mama Bima, na mimi sikumkatalia. Mwaka wa kwanza ungekuwa rahisi kusahihisha. Mwaka wa kumi mtu anaanzaje? Barua za watu nilizibeba kwenye sinia pamoja na vikombe. Kuzisoma sikuwahi. Yule meneja aliyesukuma barua kwa kalamu, mimi ndiye niliyesema moyoni kwamba ni kwa sababu haina salamu. Huenda alikuwa anatafuta mahali pa kuweka kikombe.

Kwa hiyo nimekuponza. Nisamehe.

Lakini masikio yangu hayakuwa na birika. Watu hawanyamazi mbele ya mpika chai. Nimesikia mengi, nakuambia mawili. La kwanza, kitabu cha polisi kweli hakifutwi, ila kinaongezwa. Usiwaombe wafute, wataogopa. Waombe waandike maelezo ya nyongeza, waweke namba ile ile ya mwanzo, wakupe na fomu ya hospitali daktari aijaze. La pili, watu wa bima hawaogopi machozi wala hawaogopi hasira. Wanaogopa tarehe. Kitu chenye tarehe wasichoweza kukibisha, hicho ndicho kinachowanyanyua kwenye viti.

Humu ndani nimekuwekea barua zako mbili kutoka kwenye kopo la biskuti. Moja ni ya mwezi wa kumi na moja mwaka jana, uliponieleza kuhusu sare za shule. Nyingine ni ya tarehe thelathini Januari. Mshona viatu amezilaza pamoja mezani, anasema ya kwanza imeandikwa kama mshono wa cherehani, na ya pili kama mtu anayekimbia na ndoo ya maji. Bahasha zina mhuri wa posta. Mhuri ule hawakuugonga kwa ajili yako wala kwa ajili yao.

Najua ile ya Januari imeanza na "wote wazima". Wape hivyo hivyo. Waache wasome maneno, halafu waangalie mwandiko.

Usichelewe.
Shangazi yako

(Mimi mwandishi naongeza la kwangu: bibi asikudanganye, hiyo sijambo yake ni kama ile ya kwako. Mshona viatu.)


11 Julai

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Leo sikuambii tuko wazima. Kidoti ana mafua, mimi nina mkono mmoja. Salamu ndizo hizo.

Hilo la chai nimelisoma mara mbili na sikuona la kusamehe. Nimecheka tu, kwamba ukoo mzima tumekuwa tukipata ushauri wa bima kutoka kwenye birika, na bado ni bora kuliko wa ghorofa ya tatu.

Polisi nimekwenda mara nne. Mara ya kwanza mwenye ufunguo wa kabati la vitabu alikuwa msibani. Mara ya pili kitabu kilikuwa mahakamani. Mara ya tatu walikuwa na ugeni wa mkubwa wao, tukafukuzwa wote kama vifaranga. Ya nne nikamkuta afande mmoja mtu mzima, anakula kipande cha mkate. Nikamwambia sitaki afute, nataka aongeze. Akasoma ukurasa, akasoma tena, akaniuliza mbona nilisema mimi mzima.

Nikamwambia, "Afande, nilisalimiwa. Nikaitikia."

Akameza mkate. Halafu akasema mama yake yuko kitandani mwaka wa pili sasa, na kila akimpigia simu humwambia hajambo, hana neno. Akafuta mikono, akatafuta kalamu. Ameandika nusu ukurasa na kunipa fomu.

Daktari akajaza. Tarehe mbili Julai nikapanda ghorofa ya tatu na bahasha zako mbili. Binti wa dirisha namba tatu akaanza ule wimbo wake, faili limeshafungwa, andika rufaa, rufaa zinapokelewa Jumanne. Sikubishana. Nilizilaza barua mbili kwenye ubao wa dirisha, ya Novemba na ya Januari, bahasha chini ya kila moja, nikasubiri. Foleni nyuma yangu ilikuwa mpaka kwenye ngazi. Mzee mmoja akauliza kwa sauti kama nimepanga karata.

Akatazama mhuri wa kwanza, akatazama wa pili. Kwa mara ya kwanza akaninyanyulia uso.

"Hii ya pili nani amekuandikia?"

"Nimeandika mwenyewe. Siku tatu baada ya ukuta."

"Na hapa unasema wote wazima."

"Nilikuwa namwandikia shangazi yangu, dada. Wewe ungemwambia nini shangazi yako?"

Akanipenyezea kalamu yake chini ya kioo, akasema niandike jina langu kwa mkono wa kulia. Nikajaribu. Kalamu ilianguka, nikaiokota, ikaanguka. Mara ya tatu aliiokota yeye, alitoka nje ya mlango wake, Shangazi, yule binti ana miguu, mimi nilidhani ameota pale. Akabeba barua zote mbili akaingia nazo ndani. Nilisimama saa nzima. Yule mzee wa karata akanishikia Kidoti.

Wamefungua faili. Walinituma kwa daktari wao, naye akanibonyeza vidole akasema yale yale ya daktari wangu, na jana nimepewa barua ya dhamana ya hospitali, kwamba bima ndio watalipa. Nalazwa tarehe ishirini na mbili. Siku tano kabla ya miezi sita kuisha. Cherehani bado "inafanyiwa kazi", sijui na fundi gani. Daktari hakuniahidi. Alisema kimoja kitarudi, viwili tutaona.

Nitaogopa nikifika huko. Kidoti atakaa na mke wa mwenye nyumba.

Sasa zamu yako. Mshona viatu anakusomea, mshona viatu anakuandikia, simu iko kabatini, mistari yako ilipandana, ngazi ilikupitia. Sikuulizi kama u mzima, maana jibu nalijua. Nakuuliza hivi: ukifungua dirisha asubuhi, unaona nini?

Mwanao


29 Julai

Mwanangu,

Naona mwanga. Katikati ya mwanga kuna kitu kama kitambaa kilichoning'inia, na pembeni mwa kitambaa naona rangi. Nikitazama mtu, namwona masikio. Uso siupati.

Lilianza mwaka jana kwa jicho la kulia, sasa yote mawili. Ile ngazi haikunipitia, sikuiona kabisa. Nilivunjika kifundo cha mkono wa kushoto, kikaunga chenyewe vibaya vibaya. Sikumwambia mtu. Simu naishika lakini namba sizioni, na nikisikia inalia sijui nibonyeze wapi, ndio nikaificha.

Ungenisikiliza tena kama ungejua? Mpika chai kipofu anakufundisha mambo ya bima. Nilitaka nibaki Mama Bima mpaka jambo lako liishe. Wakati nakuandikia habari za mficha maradhi, mshona viatu alishusha gazeti akanitazama, nadhani alinitazama, akasema bibi una ujasiri.

Sijui kama upo hospitali au umetoka. Siwezi kuja kukuuguza, na hilo ndilo linaloniuma kuliko jicho. Usiku nasema jina lako na la mtoto.

Kila ukiniandikia, andika juu ya bahasha apewe mshona viatu, ndiye atakayeisoma.

Shangazi yako, ambaye si mzima


9 Septemba

SHANGAZI,

SHIKAMOO.

USIMPE MSHONA VIATU BARUA HII. ISOGEZE DIRISHANI UISOME KWA PEMBENI, KWA PALE KWENYE RANGI.

NAANDIKA KWA KALAMU NENE YA KUANDIKIA MABOKSI. NAANDIKA KWA MKONO WA KULIA. KIDOLE GUMBA KIMEKUBALI. CHA PILI NUSU. CHA TATU HAPANA.

HERUFI NDOGO BADO SIWEZI. KUBWA NAWEZA. NAONA NI SAIZI YAKO.

CHEREHANI HAWAJALETA. NAENDA KILA JUMANNE. YULE BINTI WA DIRISHANI ANANIULIZA HALI, NAMWAMBIA UKWELI, FOLENI INACHELEWA.

HOSPITALI NILIKOLAZWA KUNA DAKTARI WA MACHO. NIMEMUULIZA. AMESEMA VITAMBAA VYA MACHONI BAADHI HUONDOLEWA, BAADHI HAPANA, MLETE NIMWONE. AMENIPA TAREHE. NI KUMI OKTOBA.

MSHONA VIATU AKUPANDISHE GARI. NITASIMAMA KITUONI NA KIDOTI. UTAMJUA KWA MASIKIO.

UKIWEZA KUISOMA HII MWENYEWE MPAKA MWISHO, NIJIBU NENO MOJA TU. USISEME MZIMA.

SEMA NAKUJA.